Tuulize Kuhusu Safari: Likizo ya Melini Visiwa vya Karibi

Barua nyingi za mwezi huu zinaulizia likizo ya melini katika visiwa vya Karibi. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kabla ya yote: nauli inayotangazwa kwa herufi kubwa siyo ya kuangaliwa kwanza. Angalia kwanza bandari ya kuanzia, maana hiyo ndiyo inayoamua viza, idadi ya visiwa utakavyoviona na namna bahari itakavyokuchezesha.

Swali: Tunataka safari ya siku 7. Matangazo yanataja Karibi ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kusini. Tofauti ni nini, na twende mwezi gani? (Wanandoa wapya)

Jibu: Hongereni kwa ndoa. Njia ya mashariki hupita San Juan huko Puerto Rico, St. Thomas, St. Maarten na mara nyingi Bahamas. Ya magharibi huenda Cozumel nchini Mexico, Grand Cayman, Jamaica, Belize au Roatán nchini Honduras. Ya kusini hufika Aruba, Bonaire na Curaçao, au huteremka Barbados, St. Lucia na Grenada.

Lakini msichague kwa majina hayo. Hesabuni siku ambazo meli itakuwa baharini bila kutia nanga. Kutoka Miami hadi St. Thomas meli hula karibu siku mbili nzima, na kurudi vivyo hivyo. Kwa hiyo safari ya siku 7 kutoka Florida hugusa bandari tatu au nne tu. Ikianzia San Juan au Bridgetown huko Barbados, visiwa vimepangana karibu karibu: mnalala meli ikiondoka kisiwa kimoja, mnaamkia kingine, na mnaweza kupata bandari tano au sita. Anayetaka kupumzika, kusoma kitabu na kuogelea aanzie Florida. Anayetaka visiwa vyenyewe aanzie huko huko visiwani, ila ajue atakuwa anaamka mapema karibu kila siku.

Kuhusu mwezi, msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Nauli hushuka kipindi hicho. Meli haiingii kwenye kimbunga, hukizunguka. Mnachopoteza ni njia mliyoilipia: mlikata tiketi ya mashariki, mkajikuta Cozumel. Mkataba wa tiketi humruhusu nahodha kubadili bandari, na kwa kawaida mtakachorudishiwa ni ada ya bandari iliyorukwa, basi. Kama ni lazima msafiri Septemba, njia ya Aruba, Bonaire na Curaçao ina nafuu, kwa kuwa visiwa hivyo viko kusini na vimbunga huvifikia kwa nadra. Kama mna uhuru wa kuchagua, wiki mbili za mwanzo za Desemba na nusu ya pili ya Januari ndizo tunazozipenda: mvua chache, na bei bado haijapanda kama ya Krismasi.

Swali: Sina pasipoti ya Marekani. Meli inaanza na kumalizia Miami. Wakala anasema viza ya Marekani ya kuingia mara moja inatosha. Ni kweli? (Msafiri wa mara ya kwanza)

Jibu: Usikubali, ndugu yetu. Meli ikishatoka Miami na kutia nanga nchi nyingine, kurudi kwako ni kuingia Marekani upya. Omba viza ya kuingia mara nyingi. Kumbuka pia kwamba San Juan na St. Thomas ni maeneo ya Marekani, na kwamba hata kubadilisha ndege tu katika uwanja wa Marekani kunadai viza kwa wenye pasipoti zisizosamehewa.

Halafu kuna visiwa vyenyewe. Wanaokagua hati ni wafanyakazi wa kampuni ya meli, kwenye kaunta ya bandari siku ya kupanda. Pakipungua hati moja ya nchi moja tu, unazuiwa kupanda na nauli hairudi. Baadhi ya nchi humruhusu abiria wa meli kushuka kwa siku moja bila viza, nyingine hazimruhusu, na jibu hutegemea pasipoti yako. Chukua karatasi, andika kila bandari iliyo kwenye ratiba na nchi yake, kisha tafuta masharti kwa ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi hiyo. Chapisha majibu uyabebe. Martinique na Guadeloupe huwachanganya wengi: ni sehemu ya Ufaransa, lakini ziko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo usidhani viza yako ya Schengen inazifungua.

Ukitaka kuikwepa viza ya Marekani kabisa, zipo meli zinazoanzia Bridgetown, Fort-de-France huko Martinique na Pointe-à-Pitre huko Guadeloupe. Hakikisha mambo mawili: ndege yako haipiti Marekani, na ratiba haina San Juan wala St. Thomas.

La mwisho hapa ni cheti cha homa ya manjano. Nchi nyingi za Karibi hukidai kwa anayetoka au aliyepita katika nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba ilikwisha baada ya miaka 10.

Swali: Nimeona nauli ya dola 600 za Marekani kwa mtu kwa siku 7. Kuna gharama gani nyingine? (Mtunza bajeti)

Jibu: Nauli hiyo hulipia chumba, chakula cha mkahawa mkuu na cha kujipakulia, maji, chai, kahawa ya kawaida na maonyesho ya jioni. Mara nyingi hukokotolewa kwa watu wawili chumba kimoja. Ukiwa peke yako unaweza kudaiwa hadi mara mbili.

Ongeza kodi na ada za bandari, ambazo aghalabu huvuka dola 100 kwa mtu. Ongeza bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata zenyewe, kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wawili kwa siku 7 hiyo ni dola 224 hadi 280. Intaneti hulipiwa kwa siku, na simu iwekwe katika hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, la sivyo itashika mtandao wa melini na kukuletea bili ya kutisha.

Penye mtego zaidi ni kifurushi cha vinywaji. Tuseme kinauzwa dola 70 kwa siku. Ongeza huduma ya asilimia 18, inakuwa dola 82.60, na kwa siku 7 ni dola 578.20. Kinywaji kimoja cha dola 14 pamoja na huduma hiyo hufika dola 16.52. Maana yake unahitaji vinywaji vitano kila siku ndipo pesa yako irudi, hata siku ambazo utashinda ufukweni. Tena kampuni nyingi hulazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Kwa mnywaji wa glasi moja wakati wa chakula cha jioni, ni hasara tupu.

Matumizi yote melini huandikwa kwenye akaunti iliyofungwa na kadi ya benki. Ukitumia kadi inayokata moja kwa moja kwenye akiba yako, meli hushikilia kiasi fulani kila siku, na fedha hizo zinaweza kukaa zimefungwa siku kadhaa baada ya kushuka. Watu hukwama uwanja wa ndege kwa sababu hiyo. Tumia kadi ya mkopo, au weka fedha taslimu kwenye kaunta ya melini.

Swali: Mimi huchafukwa na roho hata kwenye kivuko kidogo. Nichague chumba gani, na dawa ipi? (Mama wa watoto watatu)

Jibu: Pole, mama, na usikate tamaa. Meli hupanda na kushuka kama pembea ya ubao: aliye mwishoni hurushwa, aliye katikati hutikisika kidogo. Kwa hiyo epuka omo na tezi, yaani mbele kabisa na nyuma kabisa ya meli, epuka sitaha za juu, chukua chumba cha katikati sitaha za chini. Mapezi ya pembeni yanayotuliza meli hupunguza kulala upande huu na upande ule, lakini hayazuii omo kupanda na kushuka. Upepo wa Karibi huvuma mfululizo kutoka mashariki, na huzidi nguvu kati ya Desemba na Februari. Meli inayotoka Florida kwenda mashariki huyakabili mawimbi uso kwa uso siku zake mbili za kwanza. Kwa tumbo lako, njia ya magharibi ni afadhali.

Kuhusu dawa, ongea na daktari kwanza. Meclizine, kidonge cha kuzuia kichefuchefu, humezwa saa moja kabla ya safari, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa mtu mzima. Kibandiko cha scopolamine hubandikwa nyuma ya sikio, mahali pasipo nywele, angalau saa 4 kabla, na hufanya kazi siku 3. Ukishakibandika nawa mikono kwa sabuni mara moja: ukigusa jicho na vidole vyenye dawa, mboni hutanuka na utaona ukungu. Hakimfai mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), wala asipewe mtoto bila daktari. Kosa la kawaida ni kusubiri hadi utapike, wakati huo kidonge hakikai tumboni.

Swali: Ratiba inasema meli inaondoka saa 11 jioni. Tukirudi saa 10:50 kuna tatizo? (Kikundi cha marafiki)

Jibu: Mtaiona ikiondoka. Mwisho wa kupanda huwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka, kisha ngazi hutolewa. Kingine ni saa ya melini. Barbados iko saa moja mbele ya Florida wakati wa baridi, na baadhi ya meli hazibadilishi saa zake. Simu ikishika mtandao wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Vaeni saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, mfuate hiyo tu.

Mkienda na matembezi yaliyoandaliwa na meli, gari likichelewa ni jukumu lao. Mkikodi teksi wenyewe, mpango wenu uwafikishe gatini saa 2 kabla ya meli kuondoka. St. Lucia kwa mfano: kutoka Castries hadi Soufrière penye vilele vya Piton, barabara ni kona juu ya kona, na kwenda peke yake huchukua zaidi ya saa moja. Grand Cayman na Belize City meli haifiki gatini, abiria hushushwa kwa boti, na foleni ya kurudi hujaa saa ya mwisho. Wakati wa kuvuka kutoka boti hadi melini msiruke: subirini wimbi liinue boti ilingane na jukwaa, mpeni baharia mkono, kisha mpige hatua moja.

Mkiachwa, mtafuteni wakala wa bandari, jina na simu yake huwa kwenye gazeti la kila siku la melini. Nauli ya ndege kwenda bandari inayofuata ni juu yenu, na mtahitaji pasipoti. Kama meli haijaikusanya na mnakwenda mbali, ibebeni katika mfuko usioingiza maji.

Swali: Dereva wa teksi akisema dola 40, ni dola za Marekani? (Msomaji)

Jibu: Uliza kabla ya kuingia garini. Antigua, St. Kitts, Dominica, St. Lucia, St. Vincent na Grenada hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976. Dola 40 za huko ni kama 15 za Marekani. Ya Barbados ni 2 kwa 1, ya Bahamas ni sawa kwa sawa. Ya Cayman ndiyo kubwa kuliko ya Marekani: bei ya 10 madukani ni kama 12.50.

Swali: Nisibebe nini? (Mpanga mabegi)

Jibu: Nguo za mabaka ya kijeshi, hata za mtoto: Barbados, Jamaica, St. Lucia, Grenada na Antigua zinazikataza kisheria kwa raia wa kawaida. Pasi na birika la umeme huchukuliwa mlangoni kwa hofu ya moto. Mafuta ya kukinga jua yenye kemikali za oxybenzone au octinoxate yamepigwa marufuku St. Thomas na visiwa vingine vya Virgin vya Marekani tangu 2020 kwa sababu huua matumbawe. Tafuta yenye zinki. Matunda ya melini yabaki melini, kwani maofisa wa kilimo bandarini hutoza faini.

Swali: Mazoezi ya usalama siku ya kwanza, tunaweza kuyakwepa? (Baba mwenye watoto wadogo)

Jibu: Hapana, na tunakusihi usijaribu. Meli ya abiria Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hawakuwa wamefanya mazoezi bado. Sasa hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na anayegoma anaweza kushushwa. Jifunze ishara: honi fupi saba, kisha ndefu moja. Tembeeni na watoto kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyikia kwa ngazi, si kwa lifti. Omba jaketi za kujiokolea za watoto mapema, zile za chumbani huwa za watu wazima.