Koti la sufu la mtumba limeanza kutobolewa na nondo: ua kwanza, hifadhi baadaye

Ndugu uliyeuliza kuhusu koti la sufu ulilonunua katika soko la Owino, Kampala, ambalo linatoboka ukosini ingawa umelitundika kabatini pamoja na vidonge vya naftalini: nami huuza makoti na masweta ya mitumba hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na wateja wangu wengi hushuka kutoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako baridi haina mzaha. Shida yako naijua kwa sababu huja nayo karibu kila belo la nguo za baridi.

Yaelekea mdudu huyo hakulikuta koti kabatini mwako, bali aliingia nyumbani akiwa ndani yake. Nondo aliyekomaa hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake, mdogo na mweupe, atokaye katika mayai ambayo jike mmoja hutaga yapata 40 hadi 50. Kwa hiyo kuwapulizia dawa nondo wanaozunguka taa, kama ulivyoeleza kwamba unafanya kila jioni, hakusaidii, kwa kuwa nondo wa nguo hukimbia mwanga, na wale wa kwenye taa kwa kawaida ni wa jamii nyingine. Wale viwavi wa vifuko bapa vya kijivu, mfano wa mbegu za boga, wanaoning'inia ukutani, hao usiwaache, maana nao hutafuna sufu wakiipata.

Litoe koti nje mchana, uligeuze ukosi, ufunue vifuniko vya mifuko, kisha upitishe kidole kwenye mshono ambapo bitana inakutana na kitambaa. Utafute utando mwembamba wa hariri na chembechembe mfano wa mchanga. Chembe hizo ni kinyesi cha kiwavi, na mara nyingi huwa na rangi ileile ya koti, kwa sababu rangi ya kitambaa hupita tumboni mwake. Ndiyo maana wengi huzikung'uta wakidhani ni vumbi tu. Kama hujui nguo ni ya sufu kweli, vuta uzi mmoja ndani ya pindo na uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalovunjika, pamba huungua kama karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Kiwavi hula sufu, hariri na manyoya; pamba na poliesta huzigusa hasa zikiwa na jasho au mabaki ya chakula.

Kuua ndiyo kazi yenyewe, na njia ninayoiamini zaidi ni friza. Funga koti katika mfuko mzito wa nailoni, utoe hewa kadiri uwezavyo, uliweke katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda usiopungua siku 7, na ikiwa friza yako ni ya kusuasua, ziwe siku 14. Umeme ukikatika muda mrefu hata vitu vikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usiufungue mfuko mpaka koti lirudi kwenye joto la chumba, ama sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya kitambaa. Asiye na friza anaweza kutumia joto, kwani nyuzi 55 zikidumu saa nzima huua mayai na viwavi. Lakini joto hilo sharti lifike hadi katikati ya nguo, na jua la kamba ya kuanikia peke yake halifikishi.

Kufua hufuata baadaye. Sufu hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua wala kukamua, kisha huviringishwa katika taulo na kulazwa kivulini. Jik, yaani dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, usiisogeze karibu nayo, wala karibu na hariri, kwa maana dawa hiyo huyeyusha nyuzi zenyewe. Nguo za pamba zina uvumilivu: maji ya moto, jua, na pasi ya moto kwenye mishono yote, hasa kama huanikwa juu ya majani, kwa sababu yuko nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na funza wake huingia ngozini mwa mvaaji.

Kuhusu naftalini, ningekushauri uiondoe leo, kwa kuwa umesema nguo za mtoto zimo katika kabati hilohilo. Mvuke wake huua nondo pale tu unapofungiwa mahali pasipopitisha hewa. Katika kabati linalofunguliwa kila asubuhi, mnaouvuta ni ninyi. Tena kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria kama yetu, mvuke huo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu hata macho na ngozi yake vikageuka rangi ya manjano. Nguo zilizokaa nayo zifuliwe na kupungwa hewa vizuri kabla hajavikwa.

Koti likiwa safi na kavu kabisa (likiwa na unyevu litaota ukungu), lifunge katika nailoni nzima isiyo na tundu, au katika sanduku la bati ambalo kifuniko chake umekizungushia utepe wa gundi. Kabati nalo lifagiliwe hadi kwenye nyufa, maana viwavi hujificha humo na kuishi kwa nywele na vumbi.

Matundu ya ukosini yanaweza kuzibwa na fundi mzuri kwa nyuzi zilizochomolewa ndani ya pindo la koti lenyewe, ila umpelekee baada ya friza, kwa sababu mezani pake pana sufu za watu wengine.