Mkikaa dini tofauti kwenye jengo moja, gharama zigawanywe kwa mita

Mi ni mhazini wa kamati ya jengo letu hapa Kampala, upande wa Ntinda, na kitu watu wa majengo mengine wananiuliza sana siyo namna ya kukusanya hela, ni namna ya kuikusanya bila watu kununiana juu ya dini. Swali lina maana kwasababu hapa kwetu ghorofa moja unakuta Hajjati, jirani yake Mlokole anayekesha kila Ijumaa, chini yao Mkatoliki, juu yao familia ya Kisabato, na wote wanachanga kwenye tenki moja, geti moja na askari mmoja. Sensa ya 2014 ilionyesha Waislamu ni karibu 14 kwa kila watu 100 Uganda na Wasabato hawafiki hata 2, kwahiyo karibu kila jengo kuna mtu ambaye yuko peke yake na akipigiwa kura anashindwa kila siku. Huyo ndo ninayemfikiria nikiandika hii.

Ninachoamini baada ya kushika hiyo daftari ni hiki: ugomvi mwingi tunaouita wa dini ni ugomvi wa bili ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Chukua maji. Mita ya NWSC, shirika la maji la taifa, kwetu ni moja, bili inagawanywa sawa kwa nyumba zote. Chini kuna stoo ya zamani ambayo Waislamu wanaswalia na nje yake kuna bomba la kutawadhia, sasa bili ilipopanda watu wakaanza kusema kwenye grupu la WhatsApp kwamba wale wanaotawadha mara tano kwa siku ndo wanamaliza maji. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ni maneno tu, lakini maneno ya hivo yanakaa moyoni. Tukamwita fundi akafunga mita ndogo kwenye lile bomba na nyingine kwenye bomba la parking. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yani jerikeni 50 za lita ishirini, na mwisho wa mwezi ikaonekana bomba la parking, la kuoshea magari, limekula maji mengi kuliko la udhu kwa mbali sana. Wenye magari hawakuwa wa dini moja. Tangu siku hiyo kila bomba lina wenyewe, wanaolitumia wanalipa kilichosomwa, na yale maneno yakaisha yenyewe bila mtu kuombwa aombe msamaha.

Hajjati naye akaongeza jambo ambalo mimi Mkristo nisingeweza kulisema: akanunua mabirika akayapanga pale, akawakumbusha vijana kwamba Mtume alikuwa anatawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki hata lita, kwahiyo kuacha bomba wazi linamwagika siyo ibada. Ushauri wangu hapo, ukitaka watu wapunguze kitu kinachohusu imani yao, mwache mwenye imani hiyo aseme. Ukisema wewe, hata kama uko sahihi, umeshamtukana.

Umeme ni hivo hivo. Kila nyumba ina Yaka yake, yani mita ya umeme ya kulipia kabla kwa kununua tokeni, lakini kuna Yaka ya pamoja, ya taa za ngazi, pampu na geti. Ramadhani tarawehe zinaswaliwa chini na feni zinazunguka, Jumatano Walokole wana felloshipu kwenye chumba cha mikutano na kinanda na spika, na tokeni inaisha katikati ya wiki. Hatukuzuia mtu. Chumba cha mikutano na stoo vyote viliwekewa mita ndogo, anayekitumia ananunua tokeni yake, awe anaswali, anaimba au anafanya bethdei ya mtoto. Hapo kwenye bethdei ndo uzito ulipo, kwasababu sheria ikigusa ibada peke yake watu wanajua imewalenga wao, ikigusa kila anayewasha spika hakuna wa kulalamika. Kelele pia tuliitendea hivo. Uganda kuna kanuni za kelele na usiku una kiwango chake cha chini kuliko mchana, kwahiyo tukaandika kwamba saa nne usiku spika zinazimwa, maombi yaendelee kwa sauti ya mdomo. Wenye harusi na wenye mpira wanahusika vile vile.

Alafu kuna mahitaji ambayo hayataki hela kabisa, yanataka saa tu, na watu wanayakataa wakidhani yana gharama. Geti letu linafungwa usiku na askari anafungua asubuhi, sasa wanaotaka kwenda msikitini alfajiri walikuwa wanamwamsha, askari analalamika kwamba hiyo ni kazi ya ziada, na wengine wanasema hawawezi kumwongezea mshahara kwa ajili ya swala za watu. Tulichonga funguo za mlango mdogo, wakakabidhiwa watu wanaojulikana, wakasaini. Yameisha. Kabla hujafungua mjadala wa nani alipe, uliza kwanza kama kuna cha kulipa.

La Wasabato liliniuma zaidi. Usafi wa kompaundi ulikuwa Jumamosi asubuhi, asiyekuja analipa faini, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa analipa kila mwezi bila kusema neno. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, na hapa kwetu karibu na ikweta hiyo inaangukia kati ya kumi na mbili na nusu na saa moja na robo jioni mwaka mzima, kwahiyo siyo kitu cha kubahatisha, inajulikana. Mama wa watu alikuwa anatozwa kwasababu anamcha Mungu, hata kama hakuna aliyekusudia hivo. Sasa yeye na watoto wanafanya ngazi na mifereji Jumapili jioni na nikwambie ngazi hazijawahi kuwa safi vile. Mikutano nayo tuliihamishia Jumapili saa kumi, wa kanisani wamerudi, wa Sabato wako huru, na Ramadhani tunamaliza mapema watu wawahi futari.

Kuna mtu aliniambia huyo mama angeenda tu kortini, katiba ibara ya 29 inampa haki ya kuabudu. Ni kweli inampa. Lakini wanafunzi Wasabato wa Makerere walipeleka kesi juu ya mitihani na masomo ya Jumamosi, Mahakama ya Katiba ikawakatalia 2003 na Mahakama ya Juu nayo ikawakatalia 2006. Kwahiyo wewe ambaye uko peke yako kwenye jengo usisubiri mpaka wakili, ongea na mwenyekiti mapema, tena nenda na pendekezo la namna utakavyofidia zamu yako, usiende na malalamiko matupu. Na wewe mwenyekiti usisubiri mpaka aje.

Sasa riba, ambayo watu hawaifikirii kabisa. Tulikuwa na akiba ya ukarabati, ya paa na rangi na kunyonya choo, na mtu akapendekeza tuiweke fixed diposti, yani tuifungie benki kwa muda, izae. Wazo zuri kwa wengi. Hajji mmoja akasimama taratibu akasema yeye hela yake hawezi kuiweka pale, kuna waliocheka na kuna aliyesema basi sehemu yako ya faida tutakula sisi. Hapana jamani. Mtu hakukataa kuchanga, alikataa hela yake izae riba, na hivo ni vitu viwili tofauti. Tulichofanya ni safu mbili kwenye daftari: michango ya wanaokataa riba iko kwenye akaunti ya kawaida isiyozaa kitu, ya wengine iko fixed, na faida yake inawapunguzia hao wenyewe mchango wa mbele. Paa likivuja kila safu inatoa kwa uwiano wake. Ni kazi kidogo ya ziada kwa mhazini lakini ni ya kalamu tu. Na tangu Uganda ibadilishe sheria ya mabenki 2016, na Salaam Bank ikapewa leseni 2023 kama benki ya kwanza ya Kiislamu nchini, hata hiyo safu nyingine inaweza kupata pa kukaa penye faida ya halali kwao.

Angalia pia faini ya kuchelewa kulipa. Yetu ilikuwa asilimia fulani inayoongezeka kila mwezi na kwa Mwislamu hiyo ni riba tu hata ukiiita jina gani. Ikawa kiasi kimoja kisichokua na hakiingii kwenye mapato, kinaenda kwenye kasha la dharura la mtu akifiwa au askari akiugua. Benki za Kiislamu zenyewe faini za hivo zinapeleka sadaka. La kufurahisha, hata wasio Waislamu waliipenda, manake deni halikui tena mpaka mtu anakimbia jengo.

Idi ya kuchinja sitaongea sana: msichinjie parking. Damu inaingia mtaroni na harufu inakaa, chinjieni msikitini au machinjioni mlete nyama. Taa za Krismasi vile vile, wanaozitaka wachange wenyewe nje ya mfuko wa jengo, usimtoze mtu sherehe isiyo yake.

Mwisho, andikeni. Kama nyumba mmezinunua, sheria ya kondominiamu ya 2001 inawapa nafasi ya kuweka kanuni zenu za ndani, zitumieni. Kama ni wapangaji, sheria ya 2022 inataka mkataba wa kodi ya kuanzia shilingi 500,000 uwe wa maandishi, basi hapo hapo mwenye nyumba aorodheshe michango ya pamoja ni ipi na inahesabiwaje, mtu ajue kabla hajaingiza kitanda.

Na Januari kaeni na kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, huwezi kutumia tarehe za mwaka jana. 2026 Jumatano ya Majivu imeangukia 18 Februari na Ramadhani imeanza siku hiyo hiyo au kesho yake kutegemea mwezi umeonekana wapi, yani nusu ya jengo wanafunga pamoja. Kazi ya kuosha tenki tuliitoa kabisa kwenye hizo wiki, tukaipeleka Aprili baada ya Pasaka, na fundi ameshaambiwa asije siku ya Jumamosi.