Gereza lisilo na wafungwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi tulivuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mwongozaji akatuonyesha jengo kubwa la mawe kando ya bahari, akasema, "Hili ndilo Gereza." Nikauliza wafungwa walikuwa wakilala wapi, wenzangu wakanicheka, ati hiyo ni ngome. Kama ni ngome, mbona inaitwa gereza?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekuonea. Neno hili halikuanza kwa wafungwa wala kwa askari, limetoka kanisani.

Kanisa kwa Kireno ni igreja. Wareno walipojenga ngome kama ile ya Mombasa, waliyoianza mwaka 1593, kanisa nalo walilitia humohumo ndani ya kuta. Watu wa pwani wakalitamka neno kwa ndimi zao, na likawa jina la jengo zima, mizinga na yote. Ukifika Unguja, ingia Ngome Kongwe utazame kuta zake: mna mabaki ya kanisa la Wareno. Waomani waliikuta nyumba ya sala wakaizungushia ngome.

Hilo lenu la Kilwa lina kisa kingine. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, wakaihama 1512. Sehemu kubwa ya mliyoyaona ni kazi ya Waomani, ya miaka ya 1800 hivi. Jengo la Mwomani, jina la Mreno!

Kifungo kilikuja baadaye, na si ajabu: ukuta wa kumzuia adui asiingie humzuia na mtu asitoke. Waingereza waliifanya ngome ya Mombasa kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ile ya Lamu ilikuwa na wafungwa mpaka 1984.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwetu mambo yalikuwa kinyume na hayo ya Kilwa. Ukisikia "fulani yuko Ngomeni", ujue kafungwa. Binamu yake bibi alikuwa humo. Kila Ijumaa bibi alifunga mahamri kwenye kitambaa cha buluu akampelekea. Siku nyingine askari wa mlangoni waliyapokea, siku nyingine walimrudisha nayo, na yakirudi tuliyala sisi wajukuu. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba yarudi.

Sasa, safari nyingine mkienda Kilwa, wapeleke hao waliokucheka hadi Husuni Kubwa. Husuni ni neno la Kiarabu, maana yake ngome. Waulize askari walikuwa wakisimama wapi. Wakianza kukuonyesha, waache wamalize, kisha wapeleke kwenye lile birika la kuogea lenye pembe nane. Husuni Kubwa ilikuwa kasri la sultani.