Jibu: Ni kweli Mawenzi alipigwa na Kibo?

Mkuu, umeuliza kama ile hadithi ya Mawenzi kupigwa na Kibo, vile vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro, ni ya Wachagga wenyewe au imetungwa kwa ajili ya watalii. Ni yao. Mimi niliisikia Marangu, jikoni, kwa bibi mmoja aliyekuwa akimenya ndizi.

Alivyosimulia yeye, Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto. Ukizimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo alikuwa akitwanga ndizi kavu, akampa kaa na ndizi za kula. Mawenzi akanogewa, akauzima moto makusudi, akarudi. Safari ya tatu Kibo akachoka, akashika mchi, akamtwanga kichwani. Ndiyo maana kilele chake kimechongoka hovyo hovyo mpaka leo.

Wataalamu wa miamba watakwambia Mawenzi (mita 5,149) ni volkano iliyokufa zamani, ikamomonyoka, na Kibo (mita 5,895) ni mdogo kwa umri. Kinachonifurahisha ni kwamba kreta ya Kibo, yaani lile shimo la kileleni, bado inatoa gesi ya moto. Yaani moto kweli umebaki kwa Kibo!

Ukienda Marangu kuutazama mlima, amka saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa nne mawingu mara nyingi yameshafunika kila kitu. Mimi siku ya kwanza nilitazama chini sana, nikidhani mlima haupo. Bibi akacheka, akaniambia, "Inua shingo, mwanangu."