Kwa nini brashi nyeusi inachafua picha badala ya kuficha (maski za leya kwenye Photoshop)

Mkuu umesema kwenye leya (tabaka la picha) ukishaweka maski, ile inayoamua sehemu gani ionekane, ukapaka brashi nyeusi, weusi unamkaa bibi harusi usoni badala ya kumficha, na umeuliza kwani usiendelee tu na raba uliyoizoea. Kompyuta yako haina shida. Angalia paneli ya leya, leya yako sasa ina vipicha viwili pembeni kwa pembeni, kimoja cha picha yenyewe na kingine cheupe, kile chenye kifremu kwenye kona ndo kinachopokea brashi. Wewe umebaki kwenye picha. Bofya kile cheupe, paka tena, utaona anaanza kupotea. Wengi wanaoikimbia maski wamekwamia hapo hapo.

Sasa maski yenyewe. Watu wanakariri nyeupe inaonyesha nyeusi inaficha, ni kweli, ila ukiishia hapo utaitumia kama raba tu. Maski ni picha kabisa, picha ya kijivu, kwenye fotoo ya kawaida ya biti 8 kila pikseli (nukta) yake ina namba kuanzia 0 mpaka 255, 0 haionyeshi kitu, 255 inaonyesha yote, 128 inaonyesha kama nusu. Na kwa vile ni picha unaifanyia yote unayofanyia picha, unaiblari, unaiongezea kontrasti kwa Levels (kirekebisho cha weusi na weupe), unaigeuza kwa Ctrl+I (nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa nyeupe), unaikopi kwa kushika Alt na kuivutia leya nyingine. Raba inaua pikseli, ukisevu ukafunga ndo basi tena.

Chukua huyo huyo bibi harusi na shela lake. Shela ni neti, ukuta wa ukumbi unaonekana kupitia humo. Kwa raba ya kawaida unabaki na ukuta wa zamani ndani ya shela au unafuta shela lote, yaani hapo huna ujanja. Mimi mwili nauacha mweupe kwenye maski, shela nalipaka kijivu kwa brashi laini, ile mikunjo minene naiacha iwe nyeupe zaidi, bakgraundi mpya inapenya yenyewe. Kama ukuta ulikuwa wa kijani ukijani utabaki kidogo kwenye neti, hapo naweka leya ya Hue/Saturation juu yake naipunguza rangi, na hiyo nayo inakuja na maski yake kwa hiyo naigeuza nyeusi halafu napaka nyeupe kwenye shela tu, ngozi siigusi.

Nywele ndo balaa. Afro ukiifuata kwa brashi ngumu kichwa kinakuwa kama kimekatwa na mkasi. Kama amesimama mbele ya ukuta mweupe usihangaike kuchora, nenda kwenye Channels (picha ikiwa imegawanywa kwa nyekundu, kijani na bluu), tafuta ile ambayo nywele na ukuta vimetofautiana zaidi (mara nyingi ni ya bluu), ikopi, piga Levels kwenye hiyo kopi mpaka ukuta uwe mweupe kabisa na nywele nyeusi, uso na gauni paka nyeusi kwa mkono, kisha Ctrl+I. Umeona? Picha imejitengenezea maski yake yenyewe. Shika Ctrl ubofye hiyo chaneli upate seleksheni (eneo lililochaguliwa), rudi kwenye leya, bonyeza alama ya kuongeza maski. Usibane Levels mpaka mwisho, ile kijivu ya kwenye ncha za nywele ndo inayofanya zionekane nywele.

Kabla hujapeleka kuprinti shika Alt ubofye kipicha cha maski, skrini itakuonyesha maski tupu. Utashangaa madoa ya kijivu uliyoyaruka, kwenye simu hayaonekani ila kwenye bango la ukumbini yanakaa kama moshi nyuma ya maharusi na mteja atayaona tu.

Programu ya GIMP nayo inazo maski, Photopea ya kwenye brauza pia, kanuni ni ile ile hata kama vitufe vinatofautiana kidogo. Sevu PSD (faili la Photoshop linalotunza leya na maski), au XCF kama uko GIMP. JPEG haibebi leya wala maski, hiyo ya kumtumia mteja.

Ukikwama kwenye nywele tupia hapa skrinishoti yenye paneli ya leya, siyo picha tupu, maana kwenye picha peke yake siwezi kujua umepaka wapi.