Maboksi 14 ya dawa kwenda Uvira? Shusha kwanza

Salamu za kamwene tutapeana baadaye. Shusha hayo maboksi kwenye gari.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mdogo wangu. Wewe na wauguzi wenzako wawili wa Mafinga mmekusanya maboksi 14 ya dawa kanisani na kwenye famasi za Iringa mjini, mnataka kwenda kutibu raia waliokimbia mapigano huko Uvira. Unauliza njia ya Kigoma, chanjo, na ruhusa ya mwajiri. Kuhusu maboksi hukuuliza kitu, na maboksi ndiyo yaliyokula pesa ya viazi vyangu vya heka mbili.

Mwaka 2017, Mbeya. Kule mkoa wa Tanganyika wa Kongo, makabila ya Watwa na Waluba yanapigana, watu wamejazana kambini pembeni ya Kalemie, kipindupindu kimeingia. Tulikuwa sita. Kiongozi wetu alikuwa bwana mmoja wa fulana ya mifuko tisa, anayedai ameshavuka Ziwa Tanganyika mara nyingi. Nikamwambia, si tuwaulize kwanza wanahitaji nini? Akanijibu, "Vitani hawachagui." Nikameza bila hata maji.

Tukapita famasi za Mwanjelwa moja moja. Walitoa kwa moyo mpaka nikajiuliza ukarimu huu ulikuwa wapi siku zile nakopa dawa ya kichwa. Baadaye ndiyo nikaelewa: dawa ikiisha muda, mwenye duka haruhusiwi kuitupa jalalani. Inateketezwa chini ya usimamizi na gharama ni zake. Sasa akitokea mjinga na Fuso ya kukodi, si neema hiyo?

Tunduma, Sumbawanga, hadi bandari ya Kasanga. Tukalala siku 9. Wakaguzi wa bandari walitaka orodha: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na kibali cha mamlaka ya dawa (enzi hizo TFDA, siku hizi TMDA) cha kutoa dawa nje ya nchi. Sisi tulikuwa na barua ya mchungaji. Boksi la saba likafunguliwa, chini ya dawa za kikohozi kuna diazepamu ya sindano, dawa ya kutuliza. Mtu alitumbukiza tu, na hakuna aliyekagua. Diazepamu imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili. Kuivusha bila kibali ni kesi ya dawa za kulevya, hata ukivaa rozari tatu. Usiku uleule Bwana Mifuko Tisa akapata msiba Tukuyu. Mpaka leo marehemu hajulikani.

Oksitosini, sindano ya akina mama wanaojifungua, ikafia pale. Inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na Kasanga siyo Uyole kwetu kwenye baridi. Barafu iliisha siku ya pili.

Tukavuka na kilichobaki. Kalemie tukampata mfamasia, mama mtu mzima, wagonjwa wanaharisha hadi barazani. Akaacha kazi zake siku mbili nzima kuchambua uchafu wetu. Karibu nusu ilikuwa imebakiza chini ya miezi mitatu, wakati mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) unataka angalau mwaka mmoja dawa inapofika. Vidonge vya presha aina 11, kila aina pakiti mbili. Kiswahili tuliongea naye vizuri tu, lakini lebo zetu ni za Kiingereza na wauguzi wake wanasoma Kifaransa. Alichokosa ni dripu za Ringa (maji ya chumvi ya mshipani), ORS (chumvichumvi ya kunywa mtu akiharisha) na klorini ya kusafishia maji. Mtu wa kilo 50 aliyekaushwa kabisa na kipindupindu anahitaji lita 5 za Ringa ndani ya saa 3. Sisi tulikuwa na chupa nne za nusu lita. Akaniuliza taratibu, "Ni nani aliombaka ivi bintu?"

Sikuwa na jibu. Hayupo aliyeomba.

Kumbe Bosnia kati ya 1992 na 1996 walishapelekewa dawa zisizofaa zinazokadiriwa tani 17,000, na WHO wakatoa mwongozo 1996. Miaka 21 baadaye mimi bado najifunza kwa viazi vyangu.

Kwa hiyo orodha ianzie ng'ambo. Iandikwe na kusainiwa na atakayezitumia hizo dawa, ndipo wewe utafute. Ukiwa na pesa ni bora zaidi: kifurushi kamili cha dawa za dharura cha WHO hufungwa kwa hesabu ya watu 10,000 kwa miezi 3, na hakina sharubati ya vitamini ya bibi yako. Na ule msalaba mwekundu mnaotaka kuuchora mlangoni, futeni. Nembo ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, haichorwi na kila mwenye rangi.

Njia ya Kigoma siijui, sisi tulipita Kasanga. Chanjo waulize wenzangu humu, mimi hasira imenipanda. Nikiona picha hapa, iwe ya orodha yao, siyo ya maboksi yako.

Bwana Mifuko Tisa nilimwona mwaka jana stendi ya Nanenane, fulana ileile. Sasa hivi anakusanya nguo.