Wanafunzi wangu huandika "kuku ni mzuri" tu: nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Arua, Uganda. Nafundisha Kiswahili darasa la tatu. Darasa limejaa na vitabu ni vichache. Nikiwaambia watoto waandike kuhusu mnyama, karibu wote huniletea: "Kuku ni mzuri. Nampenda kuku. Kuku wetu ni mweupe." Wengine hunitungia hadithi ya sungura na fisi. Nikiandika mfano ubaoni, wananakili neno kwa neno. Nitawafundishaje kuandika maelezo yenye mambo ya kweli, na wengi wao wana miaka minane au tisa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hizo sentensi tatu zinaonyesha watoto wanaojua kuandika. Herufi wanazo, sentensi wanaziunda, nukta wanaweka mahali pake. Wanachokosa ni habari za kutia ndani ya sentensi, na habari hukusanywa kabla kalamu haijashikwa. Kwa hiyo kipindi cha kwanza madaftari yabaki mikobani.

Leta kuku. Kuku hai, ndani ya tenga, na maji yake kwenye kisahani. Vikundi vije kwa zamu, kila kikundi na kitu kimoja cha kuangalia: hawa miguu, hawa mdomo, hawa macho, hawa jinsi anavyokunywa. Usiulize "mnaona nini?" Swali hilo ni pana mno, watakujibu "tunaona kuku". Uliza ana vidole vingapi mguuni, na vingapi vinaelekea mbele. Watahesabu, watabishana, watainama wahesabu upya, hadi wakubaliane kwamba ni vinne: vitatu mbele na kimoja nyuma. Kikundi cha maji kitamwona akichota kwa mdomo kisha akiinua kichwa ili maji yateremke kooni. Waache wabishane kwa Kilugbara kama ndiyo lugha wanayofikiria kwa haraka. Mtaala wetu wa mada, ulioanza mwaka 2007, unataka watoto wa madarasa haya ya chini wasome kwa lugha ya eneo lao, na hakuna ubaya habari ikusanywe kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Kazi yako hapo ni kuwapa maneno ya Kiswahili wanayoyahitaji: ukucha, kishungi, manyoya, kidari. Yaandike pembeni mwa ubao, maneno peke yake bila sentensi. Hapo ndipo tatizo lako la kunakili linapoisha, maana ubaoni hakuna cha kunakili.

Kisha wafundishe swali moja watakalotembea nalo mwaka mzima: umejuaje? Kila anayesema jambo kuhusu kuku aulizwe hivyo, na wenzake, siyo wewe tu. Majibu yanayokubalika ni matatu: nimeona mwenyewe, nimemuuliza mtu anayejua, nimesoma. "Kuku ana vidole vinne." Umejuaje? Nimehesabu. Inapita. "Kuku ni mzuri." Umejuaje? Mtoto atanyamaza, au atasema "nampenda tu". Usimkemee. Mwambie hilo ni pendo lake, lina nafasi yake kwenye barua kwa rafiki, na leo tunatafuta yale ambayo hata asiyempenda kuku atayakubali. Watoto wa umri huu huelewa tofauti hiyo haraka sana wakiisikia katika mifano. Ukiwaeleza kwa ufafanuzi wa kitabuni utawapoteza.

Jipe muda wa kutosha kwa lile jibu la pili, la kumuuliza mtu anayejua, kwa sababu ndilo tajiri zaidi na ndilo walimu hulipita mbio. Wape kazi ya nyumbani: kuku anayechinjwa, firigisi yake ikipasuliwa huwa na nini ndani? Watoto wengi wameila firigisi, au wamemwona baba akiwekewa, lakini hawajawahi kuitazama ikisafishwa. Watamuuliza mama au bibi, na wenye bahati wataiona jikoni. Watarudi wakikwambia: mna mchanga na vijiwe. Sasa una darasa lenye hamu. Waulize kwa nini, nao wataunganisha wenyewe na yale ya kikundi cha mdomo, kwamba kuku hana meno. Vijiwe anavyomeza ndivyo vinavyosaga chakula ndani ya firigisi. Mtoto aliyefika hapo kwa miguu yake ataiandika habari hiyo hata usipomlazimisha.

Siku ya pili waandike, lakini bado si insha. Kata maboksi au kalenda za zamani vipande vidogo. Kipande kimoja, jambo moja. Wawili wawili wakiandika vipande vinne tu, darasa zima litapata rundo kubwa. Vitandaze sakafuni, watoto wakae kuvizunguka, mpange pamoja: vinavyohusu mwili huku, chakula huku, mayai na vifaranga kule. Vinavyofanana viwekwe kimoja juu ya kingine. Vinavyopingana, mmoja kaandika vidole vinne na mwingine vitano, viamuliwe kwa kurudi kwa kuku. Kila fungu litakuwa aya. Watoto wa darasa la pili ningewapa fungu moja na sentensi tatu. Wako wa darasa la tatu wanaweza mafungu mawili.

Sasa andika nao ubaoni, ukifikiri kwa sauti. "Msomaji wangu huenda hajawahi kumwona kuku. Nianze kwa kumwambia kuku ni nini." Kisha andika: Kuku ni ndege anayefugwa. Chukua fungu la mayai, uulize kipande kipi kitangulie. Kuku hutaga mayai. Huyalalia kwa siku kama 21. Kisha vifaranga huanguliwa. Ukimaliza, soma kwa sauti, halafu ufute ubao. Naomba usiruke hatua hiyo ya kufuta. Kila jozi ibaki na vipande vya fungu jingine, iandike yake.

Utaona nimetumia hu- kote. Kwa insha ya maelezo, kiambishi hiki ni msaada mkubwa kwa mtoto wa Uganda. Hakihitaji kiambishi cha nafsi wala cha ngeli: kuku hutaga, migomba huzaa, mvua hunyesha. Mtoto ambaye upatanisho wa ngeli bado unamsumbua anaweza kuandika ukurasa mzima bila kujikwaa. Pia kinamtoa kwenye hadithi: "kuku wetu alitaga jana" ni kisa cha kuku mmoja, "kuku hutaga" ni habari ya kuku wote. Kwenye kukanusha tu ndipo atahitaji msaada wako, kwa kuwa hu- haikanushwi: kuku hana meno, kuku hatafuni.

Jambo moja litakukuta mapema. Mtoto ataandika kwamba kinyonga ana sumu, au kwamba bundi akilia mtu hufa, na ukimuuliza amejuaje atasema bibi amemwambia. Ni jibu halali kwa kanuni uliyowapa, na bibi hastahili kudharauliwa mbele ya darasa. Mfundishe kuandika: "Bibi yangu anasema kinyonga ana sumu." Sentensi hiyo ni ya kweli. Kisha mtafute kitabu au mwalimu wa sayansi, naye aongeze: "Kinyonga hana sumu." Mtoto wa miaka tisa anayeweza kuziweka sentensi hizo mbili pamoja amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipopendekeza mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, naona shule zikikimbilia mada kubwa: taifa, bendera, mbuga za wanyama. Zitakuja. Anza na kinachoshikika: kuku, mgomba, kisima cha shule. Baadaye hamia kwa korongo taji, na hata hapo anza na kinachoonekana: yuko katikati ya bendera iliyo kwenye mlingoti wenu, ameinua mguu mmoja. Kwamba hujenga kiota kwenye vinamasi, na kwamba kidole chake kirefu cha nyuma humwezesha kutua juu ya miti, hayo watayapata kwako au kitabuni, nao wajibu hivyo wakiulizwa wamejuaje.

Kuhusu kusahihisha, soma kwanza habari, halafu tahajia. Wiki za mwanzo weka alama ya vema pembeni mwa kila sentensi yenye jambo la kweli, na usahihishe kosa moja la lugha kwa kila mtoto, siyo yote. Kwa darasa lililojaa hiyo pia itakupunguzia mzigo. Halafu wapeleke wakawasomee darasa la pili. Wadogo watauliza maswali ambayo hukuyawaza, kama vile kuku hulala saa ngapi, na mwandishi akikwama, mpe kipande kipya cha karatasi aende akachunguze.